Msoma Mita wa Shangani

Tarehe tano ya kila mwezi naingia Shangani kwa miguu,
daftari kwapani, kijiti mkononi
cha kumtoa mjusi kabla sijafunua kisanduku.
Mchanga wa huku mweupe, unaingia viatuni bila hodi.
Barabara kimya. Kuku wa mtu anavuka
kama mwenye hati ya kiwanja.

Watu wananijua kwa kofia. Mimi nawajua kwa uniti.

Kwa fundi Mchopa, kumi na mbili: wamezaliwa pacha,
nepi zimetanda kambani toka mwarobaini hadi dirishani
na baba mtu kasinzia barazani, kikombe kimemlalia pajani.
Kwa mwalimu Nambunga, saba, kama mwezi jana, kama mwezi juzi;
hata kiu yake ina ratiba.
Kwa akina Likapa zilikuwa nne tu, hadi korosho zilipolipwa.
Mnada ulipopita wakanunua tangi jeusi, likapandishwa nguzoni,
na sasa asubuhi na jioni wanaosha pikipiki
ambayo bado haijatoka getini.

Namba hazisengenyi, ila zinasema.

Kisha zile nyumba za wageni wa gesi,
mageti marefu, viyoyozi vyenye viota vya ndege.
Walikuja kwa vishindo, wakapandisha kodi hadi mchicha ukapanda nayo,
wakaondoka na masanduku yao ya magurudumu.
Mita zao zimeganda: 0417, 0903, 0086.
Naziandika vilevile kila mwezi,
kama mtu anayebisha hodi na huku anajua
aliyekuwa akijibu kahama.

Saa sita. Harufu ya bahari na mabibo yaliyochacha.
Nanunua ming'oko kwa binti mmoja pale njia panda,
naila nimesimama, kwa chumvi na pilipili,
halafu naenda nyumba ninayoiacha mwisho makusudi:
kwa Bi Somoe Nang'ombe, mjane, uniti tatu.
Miaka sita, uniti tatu. Hunipa maji ya mtungini
nami humtania: haya nayo nimeyahesabu.

Leo kumi na tisa.

Nikafuta kioo kwa kidole. Nikafuta kwa shati.
Kumi na tisa.
"Bi mkubwa, bomba limepasuka."
Nikazunguka nyumba nikitafuta ubichi,
nikitafuta nyasi zilizonenepa,
nikaweka sikio ukutani kama daktari.
Kukavu.
Yeye yuko palepale mkekani, anapepeta mchele, ananitazama
kama anavyotazamwa mtoto
anayetafuta kandambili alizovaa.

Ndipo nikauona mpira wa kijani
umepanda ukuta, umefungwa kwa kipande cha kanga,
umeshukia upande wa pili, nyumba ya 0903,
ambayo maji niliyakata mwenyewe mwezi wa sita,
kwa mkono huu, deni la tajiri aliyeko Dar.
Humo anakaa mlinzi, Chilumba,
na tangu wiki tatu mkewe kaja kutoka Newala na wanawe wanne.
Nilipita pale mara ngapi.
Sikuwahi kuuliza wanakunywa nini.

"Andika tu," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"
"Ankara itakulemea, bibi."
"Nina mwanangu Masasi, hutuma. Na asipotuma
utakuja na koleo lako. Nitakupa kwanza
maji ya mtungini unywe, ndipo ukate."

Akaendelea kupepeta. Pumba zikaruka, zikatua viatuni kwangu.
Ng'ambo ya ukuta mtoto alikuwa anaogeshwa kwa nguvu,
analia kama anayechunwa,
na maji yanamwagika, yanamwagika.

Nikaandika kumi na tisa.
Daftari letu lina safu ya mwisho, nyembamba, ya maelezo.
Nikalamba ncha ya penseli, nikajaza:
hakuna uvujaji.